Nafunga lifti, lakini nataka Dar ijenge nyumba za ngazi

Ikitoka picha mpya ya Posta, katikati ya Dar, iliyopigwa kutoka angani, hasa zile za magharibi taa zikishawaka, mabishano huwa yale yale: tumewafikia Nairobi au bado? Wao wana jengo la Britam pale Upper Hill, mita 200. Sisi tuna mnara wa Mamlaka ya Bandari na minara pacha ya mfuko wa pensheni kule Sokoine Drive, yote imepita mita 150 kidogo. Mmoja atasema tujenge la mita 300 tuwanyamazishe, mwingine atauliza tukishajenga nani atakaa humo. Nayasikia sana haya kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni fundi wa lifti. Nafunga, nakagua na kutengeneza lifti za majengo ya mjini na Kariakoo, na kila jengo linaporefuka mimi napata kazi.

Pamoja na hayo, msimamo wangu ni kwamba Dar haina njaa ya minara. Ina njaa ya nyumba za kawaida za ghorofa tatu au nne, zenye ngazi, maji na choo kinachofanya kazi, katika mitaa ambayo mtu anatoka asubuhi na kufika kazini bila kuamka saa kumi alfajiri.

Nianze nyuma kidogo, maana sura ya jiji hili ukilitazama kutoka kwenye pantoni la Kigamboni haikuja kwa bahati. Mji alioanza kuujenga Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1860 ulikuwa wa nyumba fupi. Wajerumani walipoufanya makao yao makuu mwaka 1891, kilichokuja kuipita minazi ni minara ya makanisa, la Kilutheri pale Azania Front na la Mtakatifu Joseph. Kisha zikaja sheria za ujenzi za kikoloni zilizougawa mji kwa kanda. Uzunguni nyumba zenye bustani. Uhindini duka chini, familia juu. Kwa Waafrika, Kariakoo na baadaye Ilala, nyumba za chini za udongo na miti. Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja wa wazi, ndio Mnazi Mmoja hii tunayoijua. Kwa hiyo tangu zamani urefu wa nyumba ulikuwa unaonyesha nani anaishi pale na ameruhusiwa kujenga nini. Babu zetu hawakukaa chini kwa sababu walipenda chini.

Baada ya uhuru yakainuka majengo machache ya kujivunia, kama Hoteli ya Kilimanjaro iliyofunguliwa mwaka 1965. Halafu mwaka 1971 serikali ikataifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuziweka chini ya Msajili wa Majumba. Wazee wa mjini wanayakumbuka machungu na matumaini ya uamuzi ule, kila mtu kwa upande wake. Mimi nautazama kwa jicho la ujenzi: kwa karibu miaka ishirini mitaa ile haikuwa na mtu mwenye sababu ya kuongeza hata ghorofa moja. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, soko likafunguliwa, ubia ukaanza, na kiu ya miaka yote ile ikatoka kwa mkupuo. Nyumba za ghorofa mbili zikabomolewa, zikasimama za kumi, za kumi na mbili, za kumi na sita, zikiwa zimegusana ukuta kwa ukuta kwenye mabomba na makaro yaliyowekwa kwa ajili ya zile za mbili.

Minara mirefu kabisa ilikuja kwa njia nyingine, fedha za pensheni. Mifuko ilikuwa na michango mingi na mahali pachache pa kuiweka, na jengo la ofisi katikati ya mji lilionekana ni mahali salama. Kisha mwaka 2016 serikali ikatangaza inahamia Dodoma, na kweli ikahama. Mwaka 2018 mifuko yenyewe ikaunganishwa, ikabaki PSSSF ya watumishi wa umma na NSSF ya sekta binafsi.

Fundi wa lifti huona ghorofa zinazokaa tupu kabla ya watu wa takwimu. Kitufe kinachobonyezwa sana huchakaa, namba yake hufutika, na taa yake hufifia. Nahudumia mnara mmoja ambao vitufe vya ghorofa za chini vimefutika hivyo hadi mgeni inabidi ahesabu, lakini kuanzia ishirini na kitu kwenda juu vingine bado vina ile nailoni nyembamba ya kiwandani. Hakuna aliyewahi kuwa na haja ya kuibandua. Nikimaliza ukaguzi hupanda mpaka chumba cha mota, juu kabisa, na kutoka pale unaiona bandari yote, Kigamboni, bonde la Msimbazi, na ukigeuka kuelekea magharibi unaona mabati. Mabati mpaka macho yanachoka. Dar ni jiji la nyumba za chini lenye kipande kidogo cha maghorofa ufukweni, na picha za jioni huonyesha kile kipande tu.

Watu husema jengo refu ni maendeleo, na sikatai kwamba lina uzuri wake. Ila jengo refu halisimami kwa zege peke yake. Chukua maji. Bomba la mtaani, siku linapotoa, halifiki mbali kwenda juu, kwani kila mita kumi zinadai baa moja zaidi ya presha. Kwa hiyo maji yanaingia tenki la chini, pampu inayasukuma mpaka tenki la juu, na pampu inataka umeme. Lifti nayo inataka umeme. Wengi wanadhani mota inanyanyua uzito wote wa chumba na watu waliomo. Sivyo. Upande wa pili wa kamba kunaning'inia vyuma vyenye uzito wa chumba kitupu pamoja na karibu nusu ya mzigo wake, hivyo mota inabeba ile tofauti tu. Ni ufundi ninaouheshimu kila siku. Na kamba zile za chuma, ambazo abiria huziogopa, ndizo za mwisho kukuangusha. Zikilegea au chumba kikienda kasi kupita kiasi, kuna breki chini ya chumba zinazouma reli na kukishika palepale.

Lakini umeme ukikatika, ufundi wote huo unasimama. Jengo lenye kifaa cha betri, lifti hujisogeza taratibu mpaka ghorofa ya karibu na kufungua mlango watu watoke. Betri hizo zina umri wake, na zikishakufa ni wamiliki wachache wanaonunua nyingine. Mgao wa mwishoni mwa 2023 simu zilikuwa hazikatiki, watu wamekwama, watoto wanalia ndani, mlinzi hajui ufunguo wa dharura uko wapi. Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuzalisha mwaka 2024 tulipumua. Hata hivyo transfoma ya mtaa ikilipuka, wingi wa megawati za Rufiji haukusaidii kitu.

Kuna jengo moja Kariakoo ambalo lingetosha kueleza hoja yangu yote. Chini fremu za maduka, katikati stoo, kuanzia ghorofa ya tano kwenda juu wanaishi watu. Lifti ni moja, ya watu wanane, kilo 630. Ilifungwa kwa ajili ya watu, na mchoro ulisema watu. Siku ya kwanza tu wapagazi wakaingiza mabalo ya vitenge. Ili mlango usijifunge wakati wa kupakia wanauzuia kwa boksi, na jicho la mlango, lile linalohisi mtu, wanalibandika gundi ya karatasi. Mikokoteni inapita juu ya kizingiti mpaka kinapinda. Kizingiti kikipinda, mlango haukai sawa kwenye njia yake. Mlango usipokaa sawa, lifti haiondoki, na ndivyo inavyotakiwa, kwa usalama. Nimekinyoosha kizingiti kile mara nyingi sana.

Siwalaumu wapagazi. Mzigo wa mteja kutoka Lubumbashi au Lusaka hausubiri, na jengo halikupewa lifti ya mizigo wakati kila mtu alijua hapa ni Kariakoo. Ghorofa ya saba pale anaishi mama mmoja mtu mzima, miguu inamsumbua. Lifti ikilala, na maji hayapandi kwa sababu pampu iko kwenye njia hiyo hiyo ya umeme, anaagiza ndoo za lita 20 kwa vijana, na bei inahesabiwa kwa ghorofa. Ndoo ya chini bei hii, ya saba bei ile. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Leo itapona hiyo?"

Nikamwambia ukweli kwamba kifaa lazima kiagizwe, na anayetakiwa kulipa hajalipa. Akaniuliza kama nitapita kesho ili anitume dawa. Nikapita. Nilikaa na jambo lile rohoni muda mrefu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wateja wetu kwamba ukiwa na lifti nzuri ghorofa ya saba ni sawa na ya kwanza. Ni sawa mahali ambapo kila mwezi kuna mtu analipa dizeli ya jenereta, matengenezo na mlinzi anayejua kazi yake. Pasipo na huyo mtu, ghorofa ya saba ni kifungo.

Tena hapo nazungumzia usumbufu, sijagusa vifo. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaporomoka lingine Kariakoo, siku ya Jumamosi, watu wakiwa madukani, na zaidi ya watu 20 wakafa. Lile la pili halikuwa refu hata kidogo. Walichokuwa wakifanya, kwa taarifa za wakati ule, ni kuchimba chini ili kupata nafasi zaidi ya biashara. Serikali iliunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo, nami naomba kazi ya ukaguzi isiishie pale, iwe ya kila mwaka kama sisi tunavyokaguliwa lifti na watu wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Lakini ona chanzo cha msukumo wenyewe: thamani ya eneo imekuwa kubwa kiasi kwamba watu wanatafuta nafasi kwa kwenda juu, na wakishindwa juu wanakwenda chini, wakati kilomita tatu tu kutoka pale kuna mitaa mizima ya nyumba za chini.

Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu. Ya 2022 ikatuhesabu 5,383,728. Milioni moja na zaidi wameongezeka kwa miaka kumi. Wamekwenda wapi? Hawako kwenye minara. Wako Chanika, Mbagala ya ndani, Goba, Madale, Kibamba, Bunju, na waliokosa huko wamevuka mkoa mpaka Kibaha na Mkuranga. Mimi mwenyewe niko Chanika. Nashinda kutwa nikiwapandisha watu ghorofa ya thelathini, jioni nasimama kwenye daladala kurudi kwenye nyumba ya chini niliyojenga taratibu, tofali kwa tofali, kwa sababu kiwanja cha Chanika ndicho nilichokimudu. Watoto nikitoka wamelala na nikirudi wamelala. Hapo sijagusa mkandarasi wa barabara, nguzo za umeme, bomba la maji na shule, vyote vinavyotakiwa kutufuata huko tulikokimbilia.

Ukubwa wa mkoa ni kilomita za mraba 1,393. Gawanya, utapata chini ya watu 4,000 kwa kila kilomita. Sasa linganisha na Paris, jiji ambalo hata sisi wa lifti tunalisoma. Ndani ya mipaka ya jiji lenyewe wanaishi karibu watu 20,000 kwa kilomita ya mraba, mara tano yetu, na majengo yao mengi ni ya ghorofa sita au saba tu. Mengi yalijengwa karne ya 19, kabla lifti hazijawa kitu cha kawaida. Matajiri walikaa ghorofa ya pili na wafanyakazi wakapanda mpaka darini. Mwaka 1973 walimaliza kujenga mnara wa Montparnasse, mita 210 hivi, wenyeji wakauchukia, na mwaka 1977 jiji likaweka ukomo wa urefu, mita 37 na katikati ya mji 25. Sisemi tuige Paris. Nasema tu hesabu inaonyesha kwamba jiji linaweza kubeba watu wengi sana bila kugusa mawingu, mradi mitaa yote ibebe kidogo kidogo.

Najua kuna mahali ambapo urefu una maana. Kariakoo ina maana, kwa sababu biashara ya nchi jirani zote inapitia mitaa michache. Pale jengo la ghorofa kumi lenye lifti ya mizigo, ngazi mbili, maji ya zimamoto na karo la kutosha ni jambo la busara. Kandokando ya vituo vya mabasi ya mwendokasi pia. Ninachokataa ni kurukia moja kwa moja kutoka nyumba ya chini ya vyumba sita mpaka ghorofa kumi na mbili, tukipita juu ya kila kitu kilichomo katikati.

Na hicho cha katikati hatuhitaji kukitafuta mbali, kipo Magomeni Kota. Familia 644 zilizoondolewa kwenye nyumba za zamani zilizungushwa miaka, zikapigwa chenga za kila aina, na Machi 2022 Rais Samia akazindua majengo mapya na wao wakarudi palepale walipotoka. Yale ni marefu kuliko ninavyopenda mimi, lakini mtu amerudi Magomeni yake, karibu na msikiti wake, kanisa lake, soko lake na kituo cha basi. Pia tangu 2008 tuna sheria inayomruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe. Zamani ghorofa ilikuwa ya mwenye kiwanja na wengine wote ni wapangaji. Sasa ndugu wanne wenye kiwanja cha urithi wanaweza kujenga juu na kila mmoja akapata hati ya kwake, badala ya kuuza, kugawana na kutawanyika Chanika na Mkuranga. Sheria hii inatumiwa na makampuni makubwa kuuza nyumba za kifahari. Natamani watu wa Kinondoni, Temeke na Ilala waijue vilevile.

Shangazi yangu ana nyumba ya Kiswahili Magomeni Mapipa. Baraza mbele, korido katikati, vyumba sita, uani jiko na choo. Mwaka huu dalali alimletea tajiri. Mpango wa tajiri ni kubomoa, kujenga ghorofa kumi, kuimiliki kwa miaka kadhaa, halafu shangazi apewe nyumba mbili na fremu moja. Kwa macho ni mpango wa kupendeza. Shangazi akaniita niutazame, kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa maghorofa" kwenye ukoo.

Niliukagua mchoro nikiwa nimekaa palepale barazani. Kiwanja ni kidogo. Ukitoa shimo la lifti, ngazi, tenki, pampu na jenereta, zinabaki nyumba nyembamba ambazo madirisha yake yanatazama ukuta wa jirani. Ngazi ya pili haikuwepo. Moto ukianza chini, wa juu wana njia moja tu. Gari la maji taka halina pa kuingilia. Nikamuuliza shangazi, miaka ya tajiri ikiisha na lifti ikiwa imechoka, nani atanunua nyingine?

Akakaa kimya kidogo. "Kwa hiyo wewe fundi wa lifti unaniambia nisiweke lifti?"

"Ndiyo shangazi. Chini ukae wewe, usipande popote, na mbele uweke fremu mbili. Juu ziende ghorofa tatu, kila moja nyumba mbili. Wapangaji wako wa sasa watakaotaka kurudi watarudi."

"Na hela?"

Hela ndiyo ngumu, sikumdanganya. Tumekaa na binamu zangu, kila mmoja ameahidi kiwango chake, na kila aliyechangia atapata nyumba yake moja, kwa hati. Tutaanza na msingi na ghorofa ya kwanza, nyingine zifuate fedha zikipatikana, lakini msingi na nguzo zipigiwe hesabu ya jengo zima tangu mwanzo. Kwenye hilo nimekuwa mkali mpaka wamenichoka. Mhandisi tuliyempata amesajiliwa, na jambo la kwanza alilodai, kabla ya kuchora mstari wowote, ni udongo upimwe. Binamu mmoja akaona ni gharama ya bure. Shangazi akafungua fundo la khanga yake akalipia mwenyewe.